Uzi Mmoja wa Kotala

Nikiita, mtaitika?

Tutaitika!

Nikitega, mtategua?

Tutajaribu!

Jaribuni kweli, maana mimi nimejaribu nikashindwa, na wanaonijua wanajua sipendi kushindwa. Hadithi hii imenikosesha raha. Nikipika naifikiria, nikifua naifikiria, na kila nikidhani nimepata jibu, jibu lenyewe linanigeuka. Leo nimeileta kwenu tuhangaike pamoja.

Niliipata kwa fundi Jayasena, yule mgeni kutoka Sri Lanka aliyekuja kufunga mitambo ya kiwanda cha chai. Alipanga chumba jirani, na jioni alikuwa anakuja kuketi barazani kwangu, anakunywa chai isiyo na sukari na kunisimulia hadithi za kwao, za watu wa dini ya Budha. Mimi nami nikamsimulia za kwetu. Siku nilipomsimulia sungura alivyomfunga fisi kwenye mti akaila nyama aliyoileta fisi, fisi mwenyewe akitazama, nilicheka peke yangu. Fundi hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Dada, na huyo sungura baadaye alijuta?"

Nikamwambia, "Ajute nini na ameshashiba?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba wanyama wa kwao na wa kwetu hawakulelewa nyumba moja. Wa kwetu wana akili za sokoni. Wa kwao wana adabu mpaka wanaudhi, na ukiwauliza neno wanakujibu ukweli, hata ukweli ukiwaumbua wenyewe. Tena kila mmoja wao aliwahi kuwa kiumbe kingine zamani na atakuja kuwa kingine baadaye, kwa hiyo ukimpiga punda teke hujui umempiga nani. Fundi aliniambia kuwa hadithi zao nyingi zinaisha kwa kufichua siri. Msimulizi anasema, yule mnyama aliyetenda wema kuliko wote ndiye aliyezaliwa tena na tena mpaka akawa Budha, Mwalimu wetu. Basi watu wanapumua, wanajua nani alikuwa nani, wanakwenda kulala. Hii ya leo haikufika huko. Mwishoni nitawaambia kwa nini.

Haya, sikilizeni. Palikuwa na bonde la milimani, mbali sana, la baridi na mvua nyingi, na katika bonde hilo waliishi wanyama watatu wenye vipaji vyao.

Wa kwanza alikuwa Fuko. Macho alikuwa nayo ya kubahatisha, lakini masikio! Fuko akilaza shavu kwenye udongo, alisikia mzizi ukinywa maji. Alisikia nyayo za mtu kabla mtu mwenyewe hajatokea kwenye kona. Kwa ajili hiyo alikuwa na kichwa chepesi kuuma, na alichopenda kuliko vyote duniani ni kimya.

Wa pili alikuwa Nguruwe wa mwituni. Naona wengine mmeshakunja nyuso. Kunjueni, hakuna aliyewaambia mumle. Nguruwe alikuwa na pua na shingo. Pua ya kunusa kilicho chini ya ardhi, na shingo ya kukifuata mpaka kitoke, hata kama juu yake pamelala jiwe ambalo vijana wa hapa wangelizunguka tu na kulisifia ukubwa.

Wa tatu alikuwa Mbuzi, wa mwituni naye, jike la majabalini. Huyu alikuwa na miguu ya kusimama mahali ambapo wewe huwezi kuweka kikombe, na maziwa mazito yenye joto. Mwaka huo alikuwa na mwana mmoja, mchanga bado.

Juu ya wanyama hao watatu alikuwapo mwindaji, jina lake Kotala. Aliwategemea wote. Kwa Fuko alipata nafaka, maana wakulima wa bondeni walimwita atege mafuko wanaoharibu mashamba yao, na wakampa shayiri. Kwa Nguruwe alipata nyama na mafuta. Kwa Mbuzi alipata ngozi, na baridi ya kule mtu asiye na ngozi hafiki kiangazi. Alikuwa na mke anayeitwa Sirima na binti mdogo anayenyonya, Sumana. Kotala hakuwa mtu mbaya. Msije mkamchukia mapema mkaniharibia hadithi. Alikuwa mtu mwenye familia na mitego.

Sasa, watu wa bonde lile walikuwa na desturi moja, na bila kuijua hiyo hamtaelewa kitu. Watawa wa dini yao hutembea mwaka mzima, wanaomba chakula nyumba kwa nyumba. Lakini masika wanatulia mahali pamoja, wasije wakakanyaga mimea michanga na wadudu wanaotoka ardhini wakati wa mvua. Watu ndio wanaowapelekea chakula. Mvua zikiisha, kabla watawa hawajaondoka, kila mwenye nyumba anapanda kwenye nyumba ya watawa, ananyoosha mkono, anataja jina la kiumbe mmoja. Mtawa mkubwa anamfunga uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono. Kuanzia hapo, kiumbe wa jina lile hatauawa tena na mtu yule, wala na watoto wake, maisha yote.

Uzi ni mmoja na jina ni moja. Zamani kulikuwa na bwana mmoja aliyeapa kwamba hataua kiumbe chochote, watu wakampigia vigelegele, na njaa ilipokuja akawa anatega kwa kujificha huku uzi uko mkononi. Watawa wakasema basi, tangu leo kila mtu aape kile anachoweza kukibeba. Wengi walitaja wanyama ambao hata hawakuwahi kuwaona. Jirani yake Kotala alikuwa amemwachia uhai tembo, na katika bonde lile hapakuwa na tembo hata wa kuchora. Kotala yeye alikuwa hajafunga uzi bado. Kila mwaka alisema, mwakani.

Asubuhi moja katikati ya masika, Sirima alitia uji wa shayiri kwenye chungu awapelekee watawa ng'ambo ya mto. Sumana alikuwa amelala, amefungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Njia ilikuwa telezi.

"Baba Sumana, nimwache?" aliuliza.

"Mwache. Mimi nipo," Kotala akamjibu.

Sirima akaenda. Hakuwa amefika mbali Kotala aliposikia njuga ya mtego ikilia kule juu majabalini. Mnyama akinaswa na kuachwa, chui anamwahi. Kotala akamtazama mtoto, akamwona bado amelala, akasema moyoni, narudi sasa hivi. Akapanda. Aliyenaswa alikuwa mwana wa Mbuzi, yule mchanga. Kotala alimmaliza kwa haraka, bila kumtesa, akamtupia begani. Akageuka kurudi, na mlima ukaporomoka.

Udongo wote wa upande ule ulishuka na miti yake. Ulipita juu ya kibanda cha Kotala, ukapita juu ya kishamba chake cha viazi, ukaingia mtoni. Mto ukafurika. Kotala akabaki juu, njia imekatika. Sirima akabaki ng'ambo, maji yanamzuia. Baba na mama walikuwa wanaona pale palipokuwa na nyumba yao, na wote wawili hawakuweza kupafikia. Sirima alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Siwezi kuisimulia sehemu hii kwa utani, nisameheni.

Chini ya udongo, pale kibandani, boriti lilikuwa limeangukia ukuta na kuacha nafasi ndogo kama uvungu wa kitanda. Sumana alikuwa humo, mzima, analia. Juu hapakusikika kitu. Lakini Fuko alisikia. Fuko akachimba njia yake akakifuata kile kilio mpaka akajua kinatoka wapi hasa, kisha akatoka juu mchana kweupe, kitu ambacho fuko hafanyi kwa hiari yake, akamtafuta Nguruwe akamwambia, "Bwana, njoo huku. Hapa ninaposimama, chini kabisa." Bila Fuko, mtoto yule angekuwa amekwisha na hakuna ambaye angejua pa kuchimba.

Nguruwe alifukua. Udongo ulikuwa bado unatembea, akiutoa upande huu unarudi upande ule, mawe yakimshukia mgongoni. Jino lake moja lilivunjika kwenye jiwe, yeye akaendelea kwa la pili. Alipofika kwenye ile nafasi, boriti likaanza kushuka, naye akaingiza mgongo chini yake, akalishika, akamsukuma mtoto kwa pua mpaka nje. Bila Nguruwe, kujua mahali kungekuwa kujua kaburi.

Mtoto akawa nje, kwenye mvua na baridi, ana njaa, hana mtu. Mbuzi alikuwa anashuka majabalini akimwita mwanawe. Akamkuta Sumana. Akamvuta kwa meno, kwa ile ngozi aliyofungwa, mpaka chini ya mwamba mkavu, akalala kando yake akamkinga upepo, akampa chuchu. Mtoto akanyonya. Mbuzi hakuondoka siku ile, wala usiku wake. Bila Mbuzi, yule mtoto aliyesikiwa na kufukuliwa angekufa kwa baridi kabla ya jioni.

Kesho yake maji yalipungua. Sirima alivuka, Kotala alishuka, wakafika karibu pamoja. Wakamkuta binti yao chini ya mwamba, amelala, mdomo wake una maziwa. Mbuzi yupo kando yake, hakukimbia. Alimtazama Kotala, akatazama kile kilichokuwa begani kwa Kotala, maana mtu yule katika kuchanganyikiwa kwake alikuwa bado amembeba yule mwana wa mbuzi.

Kotala alimshusha chini mzigo wake polepole. Akalia, mwanamume mzima. Sirima alimchukua mtoto, na yeye hakulia. Alisema tu, "Baba Sumana, ulisema upo."

Sasa mnafahamu kilichofuata. Kotala akaapa mbele ya mkewe kwamba mvua zikiisha atafunga uzi, na atawataja wote watatu.

"Uzi ni mmoja," Sirima alimkumbusha.

"Nitamwomba mtawa."

"Hata akikukubalia. Shamba limekwenda na mto. Ukimwachia Fuko hatuna shayiri. Ukimwachia Nguruwe hatuna nyama wala mafuta. Ukimwachia Mbuzi hatuna cha kujifunika. Kimoja tukikosa, tutajibana. Tukikosa vyote, huyu mtoto waliyemwokoa atakufa mikononi mwetu masika yajayo, nao watakuwa wamejisumbua bure."

Kotala akaona dawa ni kwenda kuwauliza wenyewe. Na hapa, jamani, kama wangekuwa wanyama wetu, hadithi ingeisha upesi. Sungura wa kwetu angekuja na mashahidi wa kukodi kwamba yeye ndiye aliyesikia, aliyechimba na aliyenyonyesha. Lakini hawa ni wa kule. Wakiulizwa, wanasema kweli. Na ukweli wao ndio ulionivuruga.

Alianza na Fuko. Akainama kwenye shimo lake akasema, "Bwana Fuko, wewe ndiye uliyemsikia mwanangu. Nikupe uzi?"

"Usinipe kwa hilo," Fuko alijibu kutoka ndani. "Mimi nilitaka kulala. Kile kilio kilikuwa kinanipasua kichwa. Nilimwita Nguruwe ili akakinyamazishe."

"Akinyamazishe kwa kumtoa mtoto?"

"Sikumwambia akinyamazishe vipi. Nguruwe anakula kila kitu, hilo ninalijua."

Kotala akauliza, "Na alipoacha kulia, ulilala?"

"Hapana," Fuko akasema. "Alipoacha kulia nilirudi pale, nikaweka sikio, nikawa nasikiliza kama anapumua. Nilisikiliza mpaka mlipokuja. Usiniulize sababu. Mpe Nguruwe huo uzi, yeye ndiye aliyetoka jasho."

Kotala akamwendea Nguruwe, akamkuta anajikuna kwenye gogo, ana jino moja. "Bwana Nguruwe, umevunjika jino kwa ajili ya mwanangu. Nikupe uzi?"

"Kwa ajili ya nani?" Nguruwe alishangaa. "Fuko aliponiita pale, nilinusa viazi vikuu. Mlikuwa mmevificha chini ya kitanda, si kweli?"

"Kweli."

"Basi nilikuwa nafukua viazi. Mtoto alikuwa juu yake, nikamsogeza kwa pua akatoka nje. Nikala viazi."

"Na boriti? Nimeona alama. Ulilishika mgongoni muda mrefu."

"Nililishika alipokuwa anapita, na alipokwisha kupita nikaendelea kulishika. Niliona ule udongo ukishuka tena utamfikia pale alipolala. Mpaka Mbuzi alipomvuta nikaliachia." Nguruwe aliacha kujikuna. "Hapo viazi nilikuwa nimeshamaliza. Sijui nilikuwa nangoja nini. Mpe Mbuzi, bwana. Mimi nilishashiba."

Kotala akapanda majabalini. Kwa mara ya kwanza alipanda bila upinde. Mbuzi alikuwa amesimama juu ya mwamba.

"Mama," Kotala alimwita hivyo hivyo, "wenzako wote wanasema uzi nikupe wewe, au wanakaribia kusema hivyo. Nawe utaniambia nimpe nani?"

"Sitakuambia umpe mtu," Mbuzi akasema. "Uzi nautaka mimi."

Wawili walikuwa wamekataa, Kotala alikwisha kuzoea kukataliwa.

"Nina binti mkubwa, atazaa mwakani," Mbuzi akaendelea. "Nataka mwanawe akue. Nautaka huo uzi, na siwezi kukuambia siutaki."

"Ulijua yule ni mtoto wangu?"

"Alikuwa amefungwa kwenye ngozi ya dada yangu. Nilijua."

"Sasa kwa nini ulimnyonyesha?"

"Maziwa yalikuwa yananiuma. Mwanangu hakuja kunyonya asubuhi ile. Sababu unaijua wewe."

Kotala aliinamisha kichwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini ulibaki hadi siku ya pili."

"Nilibaki," Mbuzi alisema. "Jioni maziwa yalikuwa hayaumi tena. Nilisimama niondoke, nikalala tena. Huko siwezi kukueleza, maana na mimi sijajieleza."

Kotala akarudi kwa mkewe, amevurugika kuliko alivyoondoka. Walibishana siku nyingi, na mimi nikisikiliza ubishi wao sijui nikae upande gani. Sirima alisema, "Mbuzi ndiye anayestahili. Mimi ni mama, najua maziwa yakijaa yanavyouma. Kumpa mtoto wa adui si jambo dogo."

"Lakini ameutaka mwenyewe," Kotala alisema. "Fuko na Nguruwe wamesamehe haki yao. Anayesamehe si ndiye mwema zaidi?"

"Anayeuomba ndiye anayeuhitaji."

"Kwa hiyo nimwadhibu Nguruwe kwa kuwa mpole?"

"Nguruwe alikuwa anafuata viazi!"

"Na Mbuzi alikuwa anapunguza maumivu. Na Fuko alitaka usingizi. Mama Sumana, hakuna hata mmoja aliyeanza kwa ajili ya mtoto wetu, na hakuna hata mmoja aliyeondoka."

Sirima akasema neno ambalo Kotala hakulitegemea. "Tena nakuuliza, huo uzi wa Mbuzi utakuwa zawadi au fidia? Umemuua mwanawe. Ukimpa Mbuzi kwa sababu una deni naye, hao wawili uliowatendea vizuri zaidi, yaani ambao siku ile hukuwaulia mtu wao, ndio watakaoendelea kufa. Hiyo nayo ni haki?"

Ndiyo maana nilisema jibu linanigeuka. Mnaona?

Kotala akaona aende kwa mtawa mkubwa, mzee Vimala. Akamkuta anachuja maji ya kunywa kwa kitambaa, asije akameza vidudu visivyoonekana. Kotala akamweleza yote, hakuficha kitu, hata ile "mimi nipo" aliisema.

"Baba, niambie wewe," alimaliza. "Ni nani kati yao aliyekuwa na nia njema?"

Vimala alikung'uta kile kitambaa majini taratibu, vidudu vikarudi vilikotoka. "Masika yote haya nimekaa hapa nikiichunguza nia yangu mwenyewe," akasema. "Nilipoanza nilidhani naijua. Sasa unaniletea ya fuko."

"Basi nichagulie tu."

"Nikikuchagulia, uzi itabidi niufunge mkononi kwangu. Na mimi siwindi." Akamtazama Kotala, akamwuliza kwa upole, "Ulipotoka kwenda mtegoni asubuhi ile, nia yako ilikuwa nini?"

"Kumlisha mwanangu," Kotala akajibu.

"Umeona," mzee akasema, akarudi kwenye maji yake. Kotala aliondoka, na mimi mpaka leo sijui alichokiona ni nini.

Mvua zikaisha. Siku ya uzi watu wote walipanda kwenye nyumba ya watawa, wamevaa nguo safi. Aliyetangulia alimtaja kasa, wa nyuma yake akamtaja tausi, watu wakaitikia kwa furaha, maana kasa na tausi hawakuwa na hatari yoyote kutoka kwa watu hao. Ikafika zamu ya Kotala. Ua mzima ukanyamaza, kwani habari ilikuwa imeenea.

Sirima alikuwa nyuma yake na Sumana mgongoni, amefunikwa ile ngozi yake. Kotala alinyoosha mkono. Mzee Vimala akaushika, akauzungusha uzi, akangoja. Chini ya ngazi, udongo ulivimba kidogo na kutulia, kuna anayesikiliza. Kwenye kichaka cha nje majani yalitikisika, na hapakuwa na upepo. Juu kabisa, kwenye mwamba unaotazama ua, Mbuzi alikuwa amesimama wazi, hakujificha, na kando yake yupo binti yake.

"Taja jina," Vimala akasema.

Kotala akafungua kinywa.

Na hapa, fundi Jayasena anasema, bibi yake aliyekuwa akimsimulia alikuwa anasinzia. Kila mara, hapa hapa. Asubuhi akimwuliza, bibi anasema, "Si nilikwambia jana?" Hakupata kumwambia Kotala alimtaja nani, wala yupi kati ya wale watatu ndiye aliyekuja kuzaliwa Mwalimu wao. Bibi akafariki na jina hilo. Fundi sasa ni mtu wa mvi, na ananiambia ameanza kuamini kwamba bibi hakuwa anasinzia. Alikuwa anafumba macho tu, kwa sababu naye hakujua.

Mimi nilimkasirikia yule bibi. Nilimwambia fundi, huwezi kumwacha mtu mkono ukiwa umenyooshwa. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie, akaniambia, "Haya dada, mtajie wewe." Nikafungua kinywa changu, nikamtaja Mbuzi. Kabla sijakifunga nikamwona Nguruwe chini ya lile boriti, viazi vimekwisha, amesimama tu. Nikasema Nguruwe. Nikamsikia Fuko anavyosikiliza pumzi. Nikanyamaza, chai ikapoa.

Kwa hiyo naitua kwenu. Na msinijibu kwa ujanja. Msiniambie awataje wote watatu, kwa sababu mtoto yupo mgongoni kwa mama yake na anahitaji kula. Msiniambie asitaje yeyote, kwa sababu mtoto yupo mgongoni kwa mama yake, yu hai. Msimtaje tembo. Mmoja anapona leo yeye na kizazi chake. Kwa wale wawili, mitego inarudishwa kesho asubuhi, na anayeitega ni baba wa mtoto waliyemwokoa.

Kotala bado amenyoosha mkono, na wote watatu wanasikia. Je, wewe ungetaja jina la nani? Na yule aliye juu ya mwamba, au kichakani, au chini ya ngazi, ambaye hukumtaja, ungemwambia nini?